Shangazi Anangoja Muganga Mwenye Hayuko

Koko Adelaïde mupendwa, wewe mwenye kushauria watu mu radio, mbele ya kunisaidia ninakuomba unichukie kwanza kidogo, juu kitu yenye nilifanya haifai isikilizwe na huruma tangu mwanzo, na ninajijua, muntu akinihurumia mapema ninalia na sisemi yote.

Mimi ni binti wa Nyamitaba, niko na miaka makumi tatu na moja, mama yangu alikufa mu kambi ya Kitshanga wakati ningali mutoto wa mugongoni, na mwenye alinilea ni Shangazi Athanasie, dada ya baba yangu, mwenye hakuzaa, lakini hakuna muntu ku mulima yetu anaweza kumuambia hana mutoto, juu atakuonyesha mimi kwa kidole. Alilima maharagi ya watu, alibeba mihogo ya watu mpaka ku soko, baba mukubwa Straton naye akatoa ng'ombe mbili, jamaa yote ikasema huyu mutoto atakuwa muganga wetu, dogoteri wa lopitali, na mimi nikaenda kweli kusoma uganga ku iniversite kule Uganda, hiyo haikuwa uongo, uongo ilikuja nyuma.

Mwaka wa tatu walitupeleka mu lopitali kuzunguka na madaktari kitanda kwa kitanda, na pale nikakuta mama mumoja wa Walikale, umri yake makumi tatu na ine tu, kanseri ya titi ilikuwa imesha kuingia mu mifupa, nikamuuliza profesere juu ya nini wanawake wetu wanaikamata wangali vijana hivi, akaniambia hatujui vizuri, akanipeleka mu biro yake, akafungua ordinatere, ile kompyuta yake, na kunionyesha listi ya wagonjwa wenye kanseri yao ilisha kusomwa na mashini, walikuwa maelfu na maelfu, nikatafuta wanawake wa upande wetu, Koko, nikakuta saba. Tangu ile siku sikutulia tena. Niliacha uganga, nikaingia mu kazi yenye wanaita bioenformatike, na nitakuelezea juu kila muntu ananiulizaka ni kitu gani: ku lopitali wanakata kipande kidogo ya uvimbe, mashini inakigeuza kuwa maandishi, herufi ine tu zenye zinafuatana mara miliari tatu, ni kusema bilioni tatu, na mimi ninaandikia ordinatere maagizo ya kutafuta fasi yenye ile maandishi iliharibika, fasi yenye mwili ilikosea wakati ya kujikopia, juu tukijua kosa iko wapi tunaweza kuanza kujua dawa gani itasaidia nani, na gani itamutesa bure. Sigusi mugonjwa. Sina sindano. Siku muzima niko mbele ya kioo ya ordinatere, na ninaipenda ile kazi, siombi musamaha juu yake, ile listi ya saba leo imefika mia ine na kumi na mbili, na nikifunga macho ninajua nambari gani ni ya nani sawa vile muchungaji anajua ng'ombe zake kwa madoa.

Lakini ku nyumba sikusema. Mwanzo nilisema nitasema ku likizo, likizo ikafika Shangazi akawa na malaria, nikasema sitamuongezea, mwaka mwingine vita ikawakimbiza mpaka Bweremana, nikasema watu wanalala mu shule ya watu, si saa ya kuwaambia habari ya ordinatere, na vile miaka ilipita wao wakaendelea kuniita dogoteri na mimi nikaendelea kuitika.

Noeli iliyopita nikaenda Nyamitaba. Baba mukubwa Straton alikuwa amepanga mabenchi mbele ya kanisa, watu wamekaa musururu na watoto wao na makaratasi yao ya zamani, na Shangazi akatoa mu sanduku bluze nyeupe ya muganga, alikuwa ameishonesha kwa fundi wa Kitshanga, jina yangu ku mufuko na uzi ya bluu. Akanivalisha yeye mwenyewe. Baba mukubwa akasema na sauti ya mutangazaji, "Dogoteri wetu amefika, kila muntu atapimwa, musisukumane." Koko, nilipashwa kuivua pale pale. Nikakaa. Kila mwenye alinifikia nikamuambia enda ku santre ya afya kwa muuguzi, infirmie Jean-de-Dieu, nikaona ninatumia akili, watu wakasema angalia vile ana adabu, anaheshimu infirmie.

Nyuma Shangazi akaniita mu nyumba ya kupikia, akafungua kitenge, akachukua mukono yangu na kuiweka ku titi yake ya kushoto. Nilisikia kitu ngumu sawa jiwe ya mutoni, haisogee. Na ngozi ya juu ilikuwa imevutwa ndani. Mimi ninasomaka ile kitu kila siku, Koko, nilijua ni nini inaweza kuwa, nilijua mbele ya vidole vyangu kutoka pale. Akaniangalia, akaniuliza, "Ni mubaya?" Inje walikuwa wanaimba, moshi ilikuwa inanichoma macho, bluze ilikuwa mu mwili yangu, na nikamujibu, "Ni kitu ndogo, Shangazi, nitakuletea dawa." Akacheka. Akafunga kitenge, akarudilia kukoroga bugali.

Hiyo ni miezi tano sasa. Mu ile miezi tano infirmie Jean-de-Dieu alimuona, akamuandikia karatasi ya kumutuma Goma haraka, Shangazi akaikunja mara ine, akaiingiza mu Biblia na kumuambia, "Mutoto wangu alisha kunipima, alisema ni kitu ndogo, wewe unataka kumupita yeye?" Ngozi imesha kupasuka. Ku mulima yetu mugonjwa wa kushusha anabebwa na wanaume wa kipoyi, kile kitanda cha kubeba ku mabega, lakini muzee wa nyumba njo anaenda kuwabishia mulango, na baba mukubwa anakataa, anasema itakuwa haya, watu wenye kuwa na dogoteri ku nyumba wanaenda kulilia dogoteri ya wengine, tungoje mutoto wetu. Wamenijengea hata nyumba ya mbao ya vyumba viwili, wanasema njo itakuwa lopitali yangu. Na nikikawia, anasema, atamupeleka Walikale kwa muzee mumoja mwenye anachomaka uvimbe na chuma ya moto.

Ninapiga telefone kila juma. Ninasema, "Shangazi, enda Goma." Ananijibu, "Nitaenda na wewe." Ninaanza kusema ukweli na baba mukubwa anachukua telefone anauliza nitaleta dawa gani.

Niko ninawaza mambo mingi. Kuna saa ninasema niache hii kazi, nirudilie uganga, miaka ine iliyobakia, nikuwe kweli ile kitu yenye waliniita, labda njo adhabu yangu. Kuna saa ninasema kazi yenye haiwezi kuokoa muntu mumoja mwenye alinibeba ni kazi ya nini. Nifanye nini, Koko? Na ninakuomba kitu moja: baba mukubwa Straton hakosake kipindi chako cha siku ya posho, Jumamosi, ata mara moja. Kama barua hii ikisomwa ku radio, atajitambua, na itakuwa imesemwa.

Mimi,
mutoto wa Athanasie

*

Mutoto wa Athanasie,

Uliomba nikuchukie kidogo. Nimekuchukia mpaka chai yangu ikapoa. Sasa imetosha, juu mimi kukuchukia haipunguzi uvimbe ya shangazi yako hata kipande ya ukucha.

Tuanze na mwisho ya barua yako, juu pale njo nilikukasirikia zaidi. Barua yako haitasomwa ku radio siku ya posho. Nimekataza. Wewe unataka kinywa yangu ifanye kazi ya kinywa yako, unataka Athanasie akae pale na kidonda yake, asikie mu radio, katikati ya matangazo ya sabuni na ya mazishi, kwamba mutoto wake alimudanganya. Na jirani wote wako pale wanaangalia uso yake. Hapana, mama. Ukiisha kumuambia wewe mwenyewe, macho kwa macho, unitumie habari, na njo siku yenye nitaacha watu waisome, na majina mengine. Mpaka ile siku, inalala chini ya mutungi yangu.

Sasa tuangalie makosa yako, juu umeyachanganya yote mu chungu moja na unalia juu ya yote sawa sawa.

Kuacha uganga haikuwa kosa. Unanisikia? Hiyo uiondoe mu kichwa. Kuficha, hiyo ni woga, na woga nayo ninaijua, ku hii inchi hakuna mwenye hakuinywa. Kuvaa bluze, sawa, ulivaa, muntu anavaa kitu yenye mama yake alimushonea. Lakini kusema "ni kitu ndogo" wakati vidole vyako vinajua, hiyo njo kosa, na hiyo moja inakutosha. Wewe uliona ni neno ya kumutuliza. Athanasie aliisikia sawa karatasi ya lopitali yenye muhuri. Hakuna dogoteri wa Goma mwenye angeweza kumufunga miguu sawa vile ulimufunga na maneno matatu.

Nimesha kugombana. Sasa sikiliza juu ya ile kazi yako.

Mimi sikukanyaga shule ata siku moja. Watu wa radio njo wananiandikia hii barua, na walinisomea ile fasi ya herufi ine mara mbili, na bado sijui vizuri, lakini nilisikia kitu yenye ninajua. Nilikuwa na mwenzangu, bibi ya shemeji yangu, jina yake Uwamariya. Tulikuwa tunalima bega kwa bega. Titi yake ikaanza sawa hivi: jiwe, kisha ngozi kuvutwa, kisha kidonda, kisha harufu. Wanawake wa mulima wakasema ni sumu. Wakaacha kukunywa ku kikombe chake. Mimi nikakunywa mbele yao, nikawaambia, "Kesho muje muhesabu kama nimekufa." Sikukufa. Hawakuona haya. Halafu wakatafuta mwenye aliitia ile sumu, juu sumu haijitie yenyewe, na wakamukuta: mama mumoja mujane mwenye alimupatia Uwamariya maziwa ya kuganda juma moja mbele ya uvimbe, bibi ya marehemu Nzabandora. Walibomoa nyumba yake mubao kwa mubao. Alienda na watoto wake bila kuaga, na mpaka leo wajukuu wake na wajukuu wa Uwamariya wanapishana ku soko bila kusalimiana, juu ya ugonjwa yenye hakuna muntu aliitia.

Nilimuosha Uwamariya mimi mwenyewe. Tulimuzika na jina ya uongo, tukasema sumu, na mwenye sumu alikuwa mwili yake yenyewe, imekosea kujikopia, sawa vile unasema. Hakuna mwenye alitujulisha. Ungekuwa wewe mu ile wakati, na mashini yako na kioo yako, hungemuponya labda. Lakini yule mama mujane angelala mu nyumba yake. Sasa uniulize tena kama kazi yako iko na maana gani.

Unasema hugusi mugonjwa. Kisha? Wakati ya kupanda maharagi, sisi wanawake tunakaaka chini siku mbili, tunachagua mbegu. Ile yenye kitobo, inje. Ile yenye imekunja ngozi, inje. Ile yenye inang'aa lakini ni nyepesi mu kiganja, inje, juu hiyo njo inadanganya zaidi. Mwanaume anapita na jembe ku bega anasema, "Munakaa bure." Mvua ikinyesha, mashamba ya jirani inaota vipande vipande, yake inaota yote, unamusikia anajisifu ku pombe kwamba udongo yake ni muzuri. Basi wewe njo unachagua mbegu. Wenye jembe wasikusumbue.

Na ile habari ya saba niliomba waisome tena. Wanawake saba. Mimi peke yangu, kutoka Nyamitaba mpaka Kitshanga, ninaweza kukuonyesha makaburi tisa ya wanawake wenye walikufa na titi imeoza, na siko muntu wa kuzunguka sana. Watu wa mbali walikuwa wanaangalia ile listi yao, wanasema wanajua kanseri, na sisi hatukuwa ndani. Wanatuhesabu wakati ya kutupatia unga mu kambi. Wakati ya kujua ni nini inatuua, hawatuhesabu. Wewe umetoka ku saba ukafikisha mia ine na kitu, na unataka kuacha ili ujipatie adhabu ya miaka ine ya kusoma kupiga sindano? Nani atakushukuru? Kanseri njo itakushukuru. Ku Masisi na Walikale kuna vijana wengi wanaweza kujifunza sindano, na wabarikiwe, tunawahitaji. Mwenye kusoma ile maandishi, nionyeshe mwingine. Usiache. Muntu akikuambia uache, hata akiwa mimi siku yenye nimezeeka kichwa, umukatalie.

Lakini ile kazi itangoja juma kadhaa. Athanasie hawezi kungoja.

Kwa hiyo mwambie mukubwa wako wa kazi unaenda kwenu, mugonjwa wako anaumia sana, na uende. Usipige telefone kwanza. Telefone ya muzee sawa Straton inasemaka na sauti ya inje, ukisema ukweli pale mulima yote itaisikia mbele Athanasie hajaisikia. Barabara unajua vile iko siku hizi. Ku kila kituo uulize wamotari wa pikipiki kama asubui ile watu wamepita, na kama fasi imefungwa uzunguke, usijionyeshe shujaa, shujaa mwenye amekufa njiani hasaidii mugonjwa.

Usiende na dawa. Enda na basani, sufuria moja, ndoo, makaa ya kupikia kama ukiipata karibu, vitenge vizee visafi vya kufunga kidonda, na nguo zako za mwezi muzima. Unajua lopitali zetu: mugonjwa bila garde-malade, muntu wake wa kumuangalia, ni kama hayuko. Nani atamupikia? Nani atamuosha, atamugeuza, atakimbiza karatasi kutoka dirisha hii mpaka ile? Ni wewe. Si mutoto wa jirani, si mwanamuke wa kanisa. Unalia kwamba hugusi wagonjwa, sasa utamugusa huyu mpaka uchoke, na utalala chini ya kitanda yake, na pale hakuna mwenye atakuita dogoteri.

Mwambie yeye wa kwanza, wengine wote wangali hawajui. Shangazi njo anasikia siri ya binti, hiyo iko hivyo tangu zamani, na wewe ulimupora haki yake miaka yote hii. Watoe watu mu nyumba ya kupikia, ufunge mulango. Usizunguke. Mwambie, "Mimi siko muganga wa kupima watu. Ninasomaka kanseri mu ordinatere. Noeli nilijua ile kitu ni mubaya na nilikudanganya." Hayo tu. Usimuelezee herufi ine siku ile. Akikupiga, upigwe. Akigeuka ku moto, umupatie kuni. Ninamufikiria huyu mwanamuke mwenye alikunja karatasi ya Jean-de-Dieu juu ya kukulinda wewe usipitwe, na ninakuambia, mwenye anaweza kukupenda hivyo na uongo, atakupenda na ukweli. Itamuuma. Lakini amekuonyesha kwa kidole miaka makumi tatu, hatakirudisha kidole mu mufuko.

Kisha Straton. Huyu atapiga kelele, juu si titi yake iko inaoza, ni jina yake. Atakuambia, "Umefanya watu watucheke." Umujibu na adabu, "Baba mukubwa, ndiyo, nimefanya watucheke, wacheke, lakini dada yako ashuke leo." Usipige magoti saa muzima. Akitaka kuendelea kugombana, atagombana na mugongo yako, juu wewe utakuwa umesha kutoka.

Unatoka kwenda wapi? Kubishia wanaume wa kipoyi. Ninajua, ni kazi ya muzee wa nyumba. Nani aliandika ile sheria? Mimi nilisha kuwaita mara mbili nikiwa mwanamuke, mara ya kwanza juu ya bibi mwenye mutoto alikuwa amelala vibaya mu tumbo. Walitoka wanacheka, wakaniuliza, "Muzee iko wapi?" nikawaambia, "Muzee iko mu suruali yake, ninyi mubebe." Wakabeba. Wale ni watu wazima, hakuna mwenye atakataa bega yake akiona kidonda. Na yule muzee wa Walikale mwenye chuma ya moto, asimuguse. Mama yangu alizaliwa Walikale, kuna miti ya kule yenye ninaheshimu, ya tumbo na ya kikohozi, lakini chuma ya moto ku kitu sawa ile ni kuua muntu mara mbili. Straton akianza tena ile habari, umuambie Koko wa radio njo amesema, na kama ana swali anajua kipindi changu iko saa ngapi.

Mupitie kwa Jean-de-Dieu. Utoe ile karatasi mu Biblia, na yeye umuombe musamaha, juu alifanya kazi yako na wakamufanya kama muntu wa bure. Ile nyumba ya vyumba viwili umuachie apimie watoto kilo na kuwachanja. Watu waliijenga na mikono yao, isibakie kuwa sanamu ya uongo yako. Na siku ya Mungu, Jumapili, kama ungali pale, usimame mbele ya kanisa useme kwa wote yenye ulisema kwa Athanasie, ili mwenye anangoja dawa yako mu nyumba ingine naye aende ku santre. Unafikiri Athanasie anangoja peke yake?

Siahidi kwamba atapona. Miezi tano ni mingi, na wewe unajua kuliko mimi. Madaktari wakisema kuna kitu ya kufanya, mufanye yote. Wakisema imechelewa, utakaa naye, utapika uji, na hutatoroka ku kioo yako mpaka iishe. Na kama siku moja wakikata kipande na ukasikia hamu ya kukipeleka mu mashini yako, umuulize yeye kwanza, polepole, na akisema hapana, iwe hapana, hata kama listi yako ingefika mia ine na kumi na tatu.

Kitu ya mwisho. Ukifunga ule mulango na kusema ukweli, utataka sana kuomba musamaha, tena na tena, mpaka akubembeleze. Usifanye vile. Hiyo ni ya kukupumzisha wewe, na yeye njo mugonjwa. Omba mara moja. Kisha ukae chini karibu yake, umuulize kitu yenye Noeli hukumuuliza, "Shangazi, inauma wapi, na tangu lini?" Na umuache ajibu mpaka mwisho.

Koko Adelaïde